Mashamba 40,000 na gridi moja: nitumie H3, S2, geohash au PostGIS?

Msomaji ameniandikia hivi: "Mtaalamu, nina orodha ya mashamba 40,000, kila moja na latitudo na longitudo yake, yote ndani ya eneo la digrii 10 kwa 10. Nimepakua mvua ya ERA5-Land ya kila saa kwa miaka 30. Kila nukta ya gridi nimeigeuza kuwa hexagoni ya H3 ya kiwango cha 7, mashamba nayo hivyohivyo, kisha nikaunganisha majedwali mawili. Kazi imekula siku 2. Mashamba 1,694 tu ndiyo yaliyopata mvua, mengine yamerudi matupu. Na hata hayo yaliyopata, nikijumlisha saa 24 za siku napata mvua kama mara 10 ya kipimo cha kituo cha jirani. Je, nihamie S2 au geohash, au nifanye kila kitu ndani ya PostGIS?"

Usihame. Ukihamia S2 utapata mashimo yaleyale, ila yatakuwa ya mraba badala ya pembe sita. Zana zote ulizozitaja (H3, S2 na geohash, zinazoigawa dunia kuwa vipande vyenye majina, na PostGIS, nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL kwa data za ramani) ni nzuri, ni programu huria, na mimi nazitumia. Tatizo ni kwamba umezipa kazi ambayo gridi yako ilikuwa imeshaifanya kabla hujaipakua.

Nianze na ile 1,694, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha ugonjwa ulipo. Seli moja ya ERA5-Land, ile data ya Copernicus (mpango wa Ulaya wa kuiangalia dunia) inayokadiria hali ya hewa ya nchi kavu kwa gridi, ina upana wa digrii 0.1. Karibu na ikweta hiyo ni kilomita 11 kwa 11, yaani kilomita za mraba 123 hivi. Hexagoni ya H3 ya kiwango cha 7 ina wastani wa kilomita za mraba 5.16. Gawanya: ndani ya seli moja zinaingia hexagoni karibu 24. Wewe ulichukua nukta ya katikati ya seli ukaitafutia hexagoni yake, kwa hiyo hexagoni 1 kati ya 24 imepata mvua na 23 zimebaki kavu. Sasa gawanya mashamba 40,000 kwa 24, utapata 1,667. Umepata 1,694. H3 imefanya kazi yake sawasawa kabisa. Imekujibu swali uliloliuliza, kwamba ni mashamba yapi yako kwenye hexagoni moja na nukta ya gridi, nalo silo swali ulilokuwa nalo kichwani.

Wengi wakifika hapo hupandisha ukubwa wa hexagoni mpaka mashimo yaishe. Kiwango cha 6 kina kilomita za mraba 36, bado mashimo yapo. Kiwango cha 5 kina 253, mashimo yanakwisha, lakini sasa seli mbili zinagombania hexagoni moja na inabidi utoe wastani, maana yake umeikoroga data kabla hujaanza kuitumia. Wengine huenda upande wa pili: wanajaza hexagoni zote 24 kwa thamani ya seli mama. Hilo nililifanya mwenyewe zamani, nikajivunia jedwali lenye mistari mabilioni, hadi mwenzangu mmoja akaniuliza mbona hexagoni 24 za jirani zina namba ileile hadi desimali ya mwisho.

Kuhusu zile siku 2, hesabu ni fupi. Eneo lako lina nukta 101 kwa 101, yaani 10,201. Miaka 30 ina saa 262,980 hivi. Ukizipanga kama jedwali la kawaida, mstari mmoja kwa kila nukta na kila saa, unapata mistari bilioni 2.68. Namba zenyewe, kwa baiti 4 kila moja, ni gigabaiti 10.7. Jina la hexagoni ya H3 likiandikwa kama matini lina herufi 15, kwa hiyo majina peke yake ni gigabaiti 40. Ulikuwa unabeba lebo zenye uzito karibu mara nne ya mzigo. Kama ni lazima uhifadhi H3, ihifadhi kama namba kamili ya biti 64, lakini kwa kazi hii huihitaji.

Gridi ya latitudo na longitudo iliyopangwa kwa hatua sawa haihitaji faharasa yoyote, kwa kuwa mahali pa kila nukta panapatikana kwa kutoa na kugawanya. Chukua shamba lililo latitudo −7.43 na longitudo 21.86. Gridi kamili ya ERA5-Land huanza latitudo 90 kaskazini na kushuka kwa 0.1. Mstari wake ni (90 + 7.43) ÷ 0.1 = 974.3, unazungusha kuwa 974. Safu yake ni 21.86 ÷ 0.1 = 218.6, unazungusha kuwa 219. Basi. Shamba hilo linasoma nukta ya −7.4 na 21.9. Ukiwa umepakua kipande tu cha dunia, badala ya 90 weka latitudo ya ukingo wa kaskazini wa kipande chako, na badala ya 0 weka longitudo ya ukingo wa magharibi. Kwa mashamba 40,000 kompyuta inamaliza hesabu hiyo kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Hakuna mti wa utafutaji (mpangilio wa nukta unaoharakisha kumpata jirani), uwe wa R, wa KD au mwingine wowote, utakaoishinda kasi hiyo.

Kwenye Python kazi hiyo hufanywa na xarray, maktaba iliyoandikwa kwa ajili ya data za namna hii hasa:

lat = xr.DataArray(jedwali.lat.values, dims="shamba")
lon = xr.DataArray(jedwali.lon.values, dims="shamba")
matokeo = mvua.sel(latitude=lat, longitude=lon, method="nearest", tolerance=0.06)

Mistari ni mitatu, na mashimo ya kutumbukia nayo ni matatu. Lile neno "shamba" kwenye dims si pambo. Ndilo linaloiambia xarray kwamba latitudo ya kwanza ni ya longitudo ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Ukipitisha orodha za kawaida bila jina hilo la pamoja, xarray inadhani unataka kila latitudo ikutane na kila longitudo: 40,000 kwa 40,000, yaani thamani bilioni 1.6 kwa kila saa. Kompyuta inaganda, na mtu anakwenda kununua kumbukumbu zaidi.

Shimo la pili ni tolerance, yaani umbali wa mwisho unaokubali kati ya shamba na nukta. Data nyingi za hali ya hewa duniani huhesabu longitudo kutoka 0 hadi 360, wakati orodha ya mashamba huenda kutoka −180 hadi 180. Shamba la longitudo −70 linapaswa kutafutwa kwenye 290. Usipolibadilisha, method="nearest" haitalalamika. Itachukua nukta iliyo karibu zaidi na −70 kwenye mstari wa namba, nayo ni 0, na kukupa mvua ya longitudo ya Greenwich kimyakimya. Ukiweka tolerance kubwa kidogo kuliko nusu ya seli, programu inasimama na kupiga kelele. Mimi napenda programu inayopiga kelele.

Shimo la tatu ni mpangilio wa namba mbili. GeoJSON, muundo wa faili za ramani, inataka longitudo kwanza. ST_MakePoint ya PostGIS nayo longitudo kwanza. H3, kwenye latlng_to_cell, inataka latitudo kwanza. Hakuna haki katika jambo hili. Chora nukta zako kwenye ramani mara moja kabla ya kufanya chochote, mashamba yakielea baharini utajua.

Sasa ile mvua ya mara 10. Hapa kosa halihusu mahali hata kidogo, na hakuna faharasa ambayo ingekuokoa. Kwenye ERA5 ya kawaida, mvua ya kila saa ni ile iliyonyesha ndani ya saa moja iliyotangulia. Kwenye ERA5-Land, ingawa jina na kipimo ni vilevile, namba ni jumla inayokusanyika tangu saa 00 UTC (saa ya kimataifa, ambapo 00 ni usiku wa manane). Saa 13 ukisoma mita 0.0021 na saa 14 ukasoma mita 0.0064, mvua ya kati ya saa hizo mbili ni tofauti yake, mita 0.0043, yaani milimita 4.3. (Ndiyo, ni mita, zidisha kwa 1,000.) Wewe umejumlisha majumla. Mvua iliyonyesha saa ya kwanza ya siku umeihesabu mara 24, ya saa ya pili mara 23, na kuendelea hadi ya mwisho uliyoihesabu mara 1. Mvua ikiwa imesambaa sawa siku nzima, kosa hilo linatoa mara 12.5. Umepata kama mara 10, na hiyo inanidokeza kwamba kwako mvua nyingi hunyesha sehemu ya pili ya siku ya UTC.

Jambo la kufurahisha ni kwamba kosa hili likishaeleweka linageuka zawadi. Jumla ya siku nzima tayari imo ndani ya faili: ni thamani iliyoandikwa saa 00 UTC ya siku inayofuata. Hujumlishi chochote, unaokota saa moja kati ya 24 na kurudisha tarehe nyuma siku moja. Miaka 30 ya eneo lako inashuka kutoka gigabaiti 10.7 hadi megabaiti 450 hivi, inaingia yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta ndogo ya mapajani, na swali lako la zana gani ina kasi zaidi linakufa lenyewe. Ungeweza hata kupakua saa 00 peke yake tangu mwanzo, kwa kuwa ghala la Copernicus linakuruhusu kuchagua saa.

Kuna sharti moja. Siku ya UTC huenda si siku ya mkulima wala ya kituo unacholinganisha nacho. Kwa aliye saa 3 mbele ya UTC, siku yake huanza saa 21 UTC ya jana. Hapo unahitaji saa mbili tu kwa siku, 00 na 21. Jumla ya siku ya kienyeji ni thamani ya saa 00 ya leo, toa thamani ya saa 21 ya jana, ongeza thamani ya saa 21 ya leo. Sehemu mbili za kwanza zinakupa zile saa 3 za mwisho za siku ya UTC iliyopita, na ya tatu inakupa saa 21 za siku mpya. Vituo vingi havisomi chombo cha mvua usiku wa manane bali asubuhi, kwa hiyo uliza kituo kinasoma saa ngapi kabla ya kuilaumu modeli.

Kwenye kuhifadhi matokeo, usiandike mvua mara moja kwa kila shamba. Mashamba 40,000 yanagawana nukta zisizozidi 10,201, kwa hiyo mengi yana mvua ileile. Weka jedwali moja dogo linalosema shamba hili ni la nukta ile, na mvua ihifadhi kwa nukta. Kesho ukiongezewa mashamba 5,000 unaongeza mistari 5,000, hugusi mvua.

Ikiwa siku moja utahitaji saa zote kweli, kwa mfano kwa joto, basi ujue kinachokula muda ni mpangilio wa data kwenye diski. Faili nyingi za GRIB na NetCDF hupangwa ramani baada ya ramani: saa hii eneo zima, saa inayofuata eneo zima. Mtu anayetaka kuchora ramani ya leo anafurahi. Wewe unayetaka miaka 30 ya nukta moja, yenye megabaiti 1 tu, unalazimika kupitia gigabaiti zote 10.7 kuikwangua. Dawa ni kuipanga upya mara moja katika muundo wa Zarr, kwa vipande virefu kwa wakati na vyembamba kwa eneo. Kipande cha saa 8,760 kwa nukta 10 kwa 10 kina megabaiti 3.5, ukubwa unaosomeka vizuri hata data ikikaa kwenye wingu (la kompyuta, si la mvua). Unalipa usiku mmoja wa kupanga, halafu kila swali baada ya hapo ni la sekunde. Kama nafasi inaruhusu, mimi huweka nakala mbili, moja ya ramani na moja ya mfululizo, wala sioni aibu.

Kwa hiyo H3 na ndugu zake zinafaa lini? Zinafaa pale mahali pasipokuwa na mpangilio, na hata kwako patatokea.

Mfano wa kwanza ni pwani. ERA5-Land haina thamani juu ya bahari. Shamba lililo karibu na maji linaweza kuangukia nukta tupu, ilhali nukta yenye data iko kilomita 8 tu bara. Ile hesabu ya kugawanya haijui hilo. Hapo unajenga mti wa KD wa nukta zenye data peke yake, na kuuliza ya karibu ni ipi. scipy, maktaba ya Python, inao, cKDTree. Usiupe digrii moja kwa moja, kwa sababu digrii 1 ya longitudo hupungua kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia, na 359.9 na 0.1 zitaonekana ziko mbali wakati ni majirani. Geuza kila nukta kuwa x, y, z juu ya tufe la nusu kipenyo 1, kisha ujenge mti. BallTree ya scikit-learn yenye kipimo cha haversine (umbali juu ya tufe) nayo inafaa, ila inataka radiani, latitudo ikitangulia. Na weka kikomo cha umbali, vinginevyo shamba la kisiwani litapewa mvua ya bara bila wewe kujua.

Vituo vya kupimia mvua ni hivyohivyo, havikai kwenye gridi. Kituo cha karibu na kila shamba, au vyote vilivyo ndani ya kilomita 50, hiyo ni kazi ya PostGIS na faharasa yake ya GiST. Tumia aina ya geography ili ST_DWithin ihesabu kwa mita. Kwenye geometry ya digrii, 50,000 itasomwa kuwa digrii 50,000 na kila kituo duniani kitakuwa jirani yako. Mipaka ya wilaya au mabonde ya mito nayo ni kazi ya PostGIS, na kwa kutoa wastani wa gridi ndani ya mpaka, exactextract hupima hata seli iliyokatwa na mpaka imeingia kwa sehemu gani.

H3 yenyewe, iliyotolewa na Uber mwaka 2018, hung'aa unapokuwa na vyanzo vingi visivyofanana gridi na unataka lugha moja ya kuviunganisha, au unapohesabu ujirani, kwa sababu hexagoni ina majirani 6 ambao umbali wao kutoka katikati unakaribiana sana. Mraba una 4 wa upande na 4 wa kwenye pembe walio mbali zaidi. Kasoro yake ni kwamba hexagoni 7 ndogo hazijazi kubwa sawasawa, kingo hupitana. S2 ya Google haina kasoro hiyo: inaifunga dunia ndani ya mchemraba, na kila seli hugawanyika kwa 4 zinazoingia ndani kabisa, kwa hiyo kwa swali la "kimo ndani au hakimo ndani" naiamini zaidi. Geohash ni rahisi kusoma kwa macho, ila jihadhari na mistari mikubwa. Kati ya longitudo 0 na 45 mashariki, nukta iliyo kaskazini tu mwa ikweta huanza na s, na ya kusini huanza na k. Nyumba mbili zinazotazamana kuvuka ikweta hazina hata herufi moja ya kwanza inayofanana. Anayetafuta majirani kwa kulinganisha herufi za mwanzo atawakosa.

Neno moja kuhusu data yenyewe, maana naona unaitegemea hadi kwenye shamba. Modeli ya ERA5-Land ni ya kilomita 9 (ndiyo unayopewa kwa gridi ya digrii 0.1), lakini mvua iliyomo haikukokotolewa kwa kilomita 9. Imechukuliwa kutoka ERA5, ambayo ni ya kilomita 31, na kukadiriwa kati ya nukta. Joto angalau hurekebishwa kwa mwinuko, mvua hapana. Kwa hiyo mashamba mawili yaliyo kilomita 10 kutoka kwa mwenzake yakionyesha tofauti laini ya mvua, tofauti hiyo ni ya ukadiriaji, haikutoka angani. Kama unachotaka ni mvua peke yake na eneo lako liko kati ya latitudo 50 kusini na 50 kaskazini, jaribu pia CHIRPS, inayochanganya setilaiti na vituo kwa gridi ya digrii 0.05 tangu 1981. Tayari imepangwa kwa siku na kwa milimita, na ile hesabu ya kugawanya inafanya kazi vilevile. Weka zote mbili kando ya kituo chako, uone ipi inakifuata.

Kabla ya kuendesha mashamba yote, chukua shamba moja na siku moja uliyo na hakika kwamba mvua ilinyesha. Piga kwa mkono mstari na safu. Chapisha thamani 24 za siku hiyo kuanzia saa 01 hadi saa 00 ya kesho yake. Zinatakiwa zipande au zikae palepale, zisishuke kamwe. Kisha toa moja kwa nyingine upate mvua ya kila saa, na ile ya saa 01 uiache ilivyo, bila kuitolea saa 00 kwa kuwa hiyo ni ya jana. Ukiona mvua hasi kwenye saa 01, huenda umeitolea.